Nani Kaihamisha Nyumba?

Uvumi wenyewe Mama Kasuku aliusikia kupitia mlango wa saluni, na ulipomwingia haukutoka tena.

Msusi, ambaye chumba chake kilipakana na chumba cha cherehani cha Mama Kasuku, alikuwa amekamata kichwa cha mteja katikati ya magoti, midomo wazi kama kawaida yake.

"Shoga, hujasikia? Siku hizi wezi hawahangaiki kukuvizia. Wanaiba gari, wanawasha redio, wanabonyeza kile kinyumba cha kwenye ramani. Yule mwanamke wa redio anawapeleka mpaka getini kwako, kona kwa kona, kwa adabu zote. Wakifika wanapiga honi. Mtoto anadhani baba karudi, anafungua. Basi."

"Basi nini?" Mama Kasuku aliuliza, mguu umeganda juu ya pedeli.

"Basi ndiyo basi."

"Yamemkuta nani?"

"Shemeji wa mteja wangu. Au jirani wa huyo shemeji. Lakini yametokea, sikutanii."

Mama Kasuku aliinamia kazi yake. Lilikuwa shati la shule, na alipolishika vizuri akaona ameshona mdomo wa mfuko ukafungika kabisa. Alianza kufumua uzi, na huku anafumua anaisikia honi, anaona geti, anamwona binti yake anakimbia kwenda kufungua na ndala zake za mvua.

Maana gari la namna hiyo lilikuwepo nyumbani kwake. Lilikuwa la Babu, yaani baba yake mzazi, aliyehamia kwake tangu alipofiwa na mkewe. Kaka yake Mama Kasuku ndiye aliyelinunua, la mtumba, akamwachia mzee alipohamishwa kikazi. Lilikuwa na mikwaruzo ubavuni na mlango mmoja uliogoma kufunguka kwa nje, lakini redio yake, jamani, redio ilikuwa ya kiwandani. Haikuchomekwa na mafundi wa mtaani ikaachwa waya zinaning'inia kama matumbo ya kuku. Ilijengewa humohumo kwenye dashibodi, kioo kipana cha kugusa kwa kidole. Ukitaka muziki, upo. Simu ikipigwa, mtu anasikika kwenye spika za milangoni. Na ukitaka njia, kuna ramani na sauti ya mwanamke wa kukuelekeza. Kaka mtu aliingiza sehemu mbili tu: Shule, yenye picha ya kitabu, na Nyumbani, yenye picha ya kinyumba.

Babu aliendesha malori tangu ujana mpaka mgongo ulipogoma. Alivuka mipaka, akalala chini ya bodi la lori, akala vumbi la barabara zisizokuwa na jina. Sasa kazi yake ilikuwa moja: kumchukua mjukuu shuleni. Mjukuu mwenyewe yuko darasa la tatu, na aliitwa Kasuku kwa sababu hakusikia sauti ila aliiga. Aliiga kikohozi cha mwalimu, aliiga mlango wa kabati, na yule mwanamke wa redio alimwiga mpaka ukifumba macho hujui nani ni nani.

Mwanamke huyo Babu alimpa jina la Bi Ramani, na hawakuiva chungu kimoja.

"Baada ya mita mia mbili, geuka kushoto," Bi Ramani angesema.

"Mita mia mbili ndiyo nini?" Babu angemjia juu. "Sema pale kwa kinyozi! Mimi nimeshika usukani hata bibi yako hajazaliwa, leo wewe unipimie barabara kama kitambaa?"

Kasuku alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Lakini kulikuwa na sheria moja ndani ya gari lile, na Babu hakuwa na mzaha nayo: Bi Ramani akisema, abiria kimya. Na kwa ugomvi wao wote, mzee hakuwahi kumpunguza sauti hata kidogo. Ungekaa uani ungewasikia kabla hujaliona gari.

Sentensi moja ya Bi Ramani ilikuwa ikimkata maini Mama Kasuku. Kila siku gari likisimama getini, sauti ile tulivu ilisema, "Umefika mwisho wa safari yako."

"Ishindwe!" Mama Kasuku angejibu akiwa dirishani. "Hakuna maneno mengine? Mwisho wa safari, mwisho wa safari, yaani mtu anarudi kula unamsomea msiba?"

"Mama Wasiwasi," Babu angesema akishuka kwa kujishika mlango. "Hiyo ni redio, mwanangu. Haina nia mbaya na mtu."

Ndilo jina alilomwita tangu utotoni, Mama Wasiwasi, na kwa sababu ya jina hilo binti alishindwa kumweleza habari ya wezi. Alijua jibu lake litakuwa kicheko. Siku mbili tatu akazunguka nalo jambo hilo. Akipika linachemka pamoja na sufuria, akilala linamgeuza ubavu. Gari likipelekwa kuoshwa, alihesabu vijana wangapi pale wana simu nzuri kuliko mishahara yao. Honi ikilia mtaani, mkono unaenda kifuani.

Jumamosi mchana, Babu alipojilaza, alipiga moyo konde. Akatoa ufunguo kwenye msumari, akamwita fundi wa umeme wa magari aliyefahamika mtaani kwa jina la Waya, kwa kazi yake na kwa wembamba wake.

"Shikamoo mama. Kuna shoti?"

"Marahaba. Hakuna shoti. Nataka unifutie nyumba yangu humo ndani."

Waya alimtazama, akatazama nyumba, akatazama tena. "Nyumba ipi?"

"Hiyo ya kwenye kioo. Nong'ona, mzee amelala."

Alipoelezwa kisa kizima, Waya alijizuia kucheka akashindwa. "Ukifuta, mama, itakuwa inauliza kila ikiwashwa: nyumbani wapi, nyumbani wapi. Itamkera mzee. Bora tuweke pengine."

"Pengine wapi?"

"Popote. Sokoni. Hospitali. Wewe tu."

Hapo ndipo Mama Kasuku alipopata wazo lililomfanya ajione mjanja kupita watu wote wa mtaa ule. Akamshika Waya mkono. "Weka polisi."

"Ati?"

"Weka kituo cha polisi. Mwizi akibonyeza kinyumba, ajipeleke mwenyewe!"

Walicheka wote wawili, Waya kainamia usukani, yeye kajiziba mdomo kwa kanga. Kidole kikagusa hapa, kikagusa pale, na nyumba ikahama. Ufunguo ukarudi kwenye msumari. Usiku huo Mama Kasuku alilala usingizi wa pono.

Kumwambia Babu? Alijiambia hakuna haja. Dereva wa malori, aliyeijua nchi nzima na ya jirani, atahitaji kinyumba cha nini kurudi kwake? Alidhani mzee anakibonyeza ili apate wa kugombana naye njiani.

Angekaa akafikiri, vipo vitu angevikumbuka. Angekumbuka wiki ile betri ilipochomolewa gereji. Redio ilijifunga ikadai namba ya siri, na kaka mtu hakupatikana kwenye simu siku kadhaa. Siku zote hizo Babu alisema mgongo unamuuma, hawezi kuendesha. Namba ilipopatikana, mgongo ukapona siku hiyohiyo. Angekumbuka pia kwamba ile njia ya mkato ya kupita kiwanda cha mbao, ambayo Babu ndiye aliyemwonyesha yeye, siku hizi mzee haipiti kamwe. Anazunguka na lami, kama anavyotaka Bi Ramani. Vyote hivyo aliviona kwa macho, akavipita kama mtu anavyopita kibao cha duka asilonunua kitu.

Jumatatu mvua ilianza saa ya kutoka shule.

Haikuwa mvua ya kutisha mwanzoni. Mama Kasuku aliingiza vitambaa ndani, akasogeza cherehani mbali na dirisha, akaendelea kupinda sketi. Kila gari lililopita aliinua kichwa. La kwanza si lao. La pili si lao. Alisimama, akafungua mlango, akafunga. Akarudi kukaa, akasahau alikuwa anapinda upande gani. Msusi alimpigia kelele kutoka upande wa pili, "Shoga, utatoboa sakafu kwa kutembea!" Muda wao ulikuwa umepita, ukapita tena. Mvua sasa ilikuwa inapiga bati kama mawe.

Akachukua simu, akampigia Babu. Ikaita mara moja tu, ikapokelewa na redio, maana kule ndani ya gari hata kelele za waipa za kioo alizisikia.

"Baba! Mko wapi?"

"Tumefika," sauti ya Babu ilisema, kubwa na ya mbali, kama mtu aliye ndani ya pipa.

"Mmefika wapi?"

"Nyumbani."

Mama Kasuku alitazama geti kupitia dirisha. Geti lilikuwa limefungwa, linachuruzika maji. Hapakuwa na gari.

"Baba, mimi niko hapa nyumbani. Siwaoni."

Waipa zikaenda, zikarudi. Kisha mzee akauliza, taratibu, kwa sauti ambayo binti yake hakuwahi kuisikia kwake, "Mmepaka geti rangi?"

Na kabla hajajibu, ikaingia ile sauti nyingine katikati yao, tulivu, haina haraka: "Umefika mwisho wa safari yako."

Simu ikakatika.

Alishika meza ya cherehani, na hapo ndipo kila kitu kilipomjia kwa pamoja: kinyumba, polisi, Waya anacheka, mgongo uliopona siku moja. Geti limepakwa rangi. Baba yake hakuwa amekosea njia. Baba yake alifuata njia sawasawa mpaka alipopelekwa, na alipofika hakuweza kujua kwamba pale si kwake.

Alitoka na kanga kichwani, bila mwavuli, chumba wazi. Mwenye pikipiki kijiweni alikataa, mvua hiyo. Alimwambia, "Nina mtoto njiani na baba yangu amepotea akiwa amefika." Yule mtu hakuelewa, lakini aliutazama uso wake, akawasha.

Gari lilikuwa pale, pua imeelekea geti la bluu la kituo cha polisi, taa zinawaka. Babu alikuwa anapiga honi. Anapiga, anasubiri, anapiga tena, kama mwenye nyumba aliyechoka kusubiri kufunguliwa. Askari wa zamu alisimama dirishani kwake na koti la mvua.

"Wewe ndiye binti yake?" askari aliuliza. "Nimemwamkia vizuri tu, nikamuuliza, mzee, una shida gani. Anasema nimfungulie, anakaa hapa. Hapa kila anayeletwa anaapa si pake, mama. Mzee wako ndiye wa kwanza kung'ang'ania kwamba ni pake."

Alitaka kuendelea kutania, lakini utani ukamfia mdomoni alipoona mwanamke hacheki.

Kasuku alikuwa kiti cha nyuma, amekumbatia begi. "Mama, mimi niliona tumeipita kona ya kinyozi," alisema, machozi yakimlengalenga. "Nilitaka kusema. Lakini Bi Ramani alikuwa anaongea."

Mama Kasuku alizunguka, akakumbuka mlango unaogoma, akaingilia wa nyuma akampita mtoto mpaka kiti cha mbele, amelowa chapachapa. Babu hakugeuka. Mikono yake miwili ilikuwa juu ya usukani, mahali pake sawasawa, kama dereva anayefanyiwa mtihani.

"Nani kaihamisha nyumba?" aliuliza.

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu aliyetaka kujua kweli.

"Mimi, Baba."

"Kwa nini?"

"Nilisikia habari za wezi."

Mzee alitikisa kichwa polepole. Akaacha kupiga honi, waipa zikaendelea. Kisha akacheka kidogo, kicheko kisichokuwa na meno. "Mama Wasiwasi."

"Baba, tangu lini?"

"Nini tangu lini?"

"Njia."

"Za mbali ninazo zote. Niamshe sasa hivi, nitakupeleka mpaka mpakani nimefumba macho, nikwambie na mashimo yalipo. Hii ya kwetu ndiyo imenitoka. Naiona kona, naijua kona, lakini sijui baada yake kuna nini." Akagusa ukingo wa kioo cha redio kwa kidole gumba, kama unavyomgusa mtoto shavuni. "Huyu akawa ananikumbusha. Hakunicheka."

Mama Kasuku aliitazama picha ya kinyumba kwenye kioo.

Askari alisema anaweza kutoa mtu wa kuwaendeshea. Babu aliposikia, mikono ilikaza juu ya usukani mpaka mishipa ikasimama. Mama Kasuku hajui kuendesha hata baiskeli. Alimtazama baba yake: macho yaona, miguu yatii, mikono haitetemeki. Kilichokosekana ni njia tu. Mpaka leo hajui kama alifanya sawa. Alimwambia askari ahsante, akamgeukia mzee.

"Twende, Baba. Polepole. Nitakuonyesha mimi."

Kabla hawajaondoka, kidole cha Babu kilikwenda chenyewe, kwa mazoea, kikabonyeza kinyumba. Hakuna aliyethubutu kugusa tena kioo kile. Basi wakaenda hivyo, na Bi Ramani akawa anawasihi njia nzima.

"Geuka unapoweza."

"Nyoosha, Baba."

"Geuka unapoweza."

"Kulia. Hapa. Pole, taratibu, kuna dimbwi."

Mama Kasuku hakuwahi kumwelekeza mtu yeyote barabara. Aligundua kwamba hajui mita, hajui kushoto kwa nani, anajua vitu tu: bomba linalovuja, duka la vyuma, ukuta wenye tangazo lililochanika. Alivitaja kimoja baada ya kingine, roho mkononi, na kila alipotaja, mabega ya mzee yalishuka kidogo. Kisha sauti ndogo ikaingia kutoka nyuma, nayo haikumwiga Bi Ramani. Ilimwiga mama yake, na wasiwasi wake wote.

"Kushoto pale kwa kinyozi, Babu. Polepole, jamani!"

Babu akacheka, safari hii kweli. Na alipocheka Mama Kasuku akageukia dirisha, ili machozi yake yadhaniwe ni mvua.

Getini kwao Mama Kasuku alisema neno moja tu: "Tumefika."

"Geuka unapoweza," alisema Bi Ramani.

"Huyu bado anataka kuturudisha ndani," Babu akasema, akazima gari.

Asubuhi yake Mama Kasuku aliukuta ufunguo juu ya cherehani, umewekwa sawa katikati ya kitambaa alichokuwa anakishona. Babu alikuwa amesimama mlangoni, amevaa viatu kana kwamba anakwenda mahali.

"Kaa nao," alisema. "Mtoto utamfuata kwa miguu. Lakini nakuomba, mwanangu. Kaka yako asijue. Na huyo wa jirani mwenye redio yake mdomoni, asijue kabisa."

"Hatajua, Baba."

Waya aliitwa akairudisha nyumba mahali pake, na safari hii hakuna aliyecheka. Tangu hapo, jioni, Babu hukaa ndani ya gari pale uani, milango wazi, gari limezimwa, redio inaimba chini chini. Kasuku huketi kando yake, na Babu humtajia miji, mizani ya malori, madaraja, kimoja baada ya kingine mpaka mpakani. Hakosei hata kimoja. Mama Kasuku huwasikiliza kutoka dirishani, na kila honi ikilia mtaani bado mkono unaenda kifuani, ila sasa hajui anaogopa nani aje na nani asirudi.

Wiki haijaisha, Msusi akapaza sauti kupitia mlango.

"Shoga! Hujasikia? Eti kuna mzee kaiba gari, kabonyeza kinyumba, redio ikampeleka moja kwa moja polisi! Kafika anapiga honi afunguliwe!" Wateja wakaangua kicheko. "Magari ya siku hizi yana akili, wallahi! Huyo mzee sasa hivi yuko ndani!"

Mguu wa Mama Kasuku uliganda juu ya pedeli. Maneno yalimjaa mdomoni, yote ya kweli. Angeyasema, jina la mwizi lingemtoka baba yake, na mahali pake lingekaa jina jingine, lile ambalo mzee aliomba asipewe. Alitazama ufunguo uliokuwa ukining'inia shingoni mwake kwa uzi wa kushonea.

"Yamemkuta nani?" aliuliza.

"Sijui. Shemeji wa mtu."

Akakanyaga pedeli, akashona.

Basi, mwenye gari lenye redio ya namna hii na aepuke haya:

Kuweka geti lako lenyewe kwenye kitufe cha Nyumbani. Weka duka au njia panda iliyo karibu, mahali ambapo kila mtu wa kwako anaweza kumalizia mwenyewe.

Kukihamisha kitufe hicho bila kumwambia kila anayeshika usukani, hata kama unaogopa kuchekwa.

Kumwachia muosha gari ufunguo.

Kuchomoa betri kabla hujajua namba ya kufungulia redio iko kwa nani.

Kumnyamazisha mtoto ndani ya gari. Akiijua njia, aiseme, hata kama redio inaongea.

Kumcheka mzee anayegombana na redio. Sikiliza kama anaipunguza sauti au anaiongeza.

Kuufanyia kazi uvumi kabla hujajua umemkuta nani.

Kungoja mvua ndipo umuulize baba yako kama njia bado anaijua.